Kuijua na kuifufua Land Rover ya zamani kwa spea zake zenyewe, tukiwa hukuhuku Nyanda za Juu Kusini

Wakuu habari zenu. Nimeona niandike hili mana haipiti muda bila kukutana na mtu pale Mwanjelwa au Mafiati hapa Mbeya kapata Land Rover ya zamani, labda ya babu yake, labda kaitoa kwenye shamba la chai Mufindi ikiwa imeota majani hadi kwenye usukani, na swali lake la kwanza ni lilelile, "spea nitapata wapi?" Hapo mi huwa namwambia subiri kwanza. Gari lako ni lipi? Anakujibu "ni 109". Sawa, 109 ipi? Hapo ndo anakaa kimya. Na hela za watu wengi zinapotelea hapo, mana spea kuingia ni kitu kimoja na spea kuwa ndo yenyewe ni kitu kingine kabisa.

Anza na futikamba. Zile namba 80, 86, 88, 107 na 109 ni inchi, unapima kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma. Ukipata kama sentimita 223 na nusu hiyo ni 88, ukipata karibu 277 ni 109. Ikija kama 218 au 272, tulia bosi, una 86 au 107, hizo zilianza 1954 na ni Series I (toleo la kwanza la Land Rover, yaliyofuata ni II, IIA na III), usikubali mtu aikate chesi kwa sababu yoyote ile. 80 ndo ya mwanzo kabisa, ile iliyooneshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, na ukiipata huku kwetu nakuomba usiiguse hata kwa msasa kabla hujaipiga picha kila kona.

Afu angalia umbo. Series I ubavu wake umenyooka kama sanduku. Kuanzia Series II ya 1958 ubavu una kifua, umevimba kidogo chini ya dirisha. Taa za mbele zikiwa katikati karibu na wavu wa rejeta ni II au IIA za mwanzo, zikiwa zimehamia kwenye madigadi ni za kuelekea 1969 kuja juu. Wavu ukiwa wa plastiki na geji zikiwa mbele ya dereva badala ya katikati ya dashibodi, hiyo ni Series III, ilianza 1971. Ila haya yote yanabadilishwa! Madigadi na wavu vinafungwa kwa bolti tu, nimeshaona IIA imevalishwa uso wa Series III na mwenye gari anaapa kwamba ndo ilivyotoka kiwandani. Ndo mana umbo linakupa fununu tu, ushahidi uko kwenye namba.

Namba ya chesi itafute kwenye kibati ndani ya kabini, na imegongwa pia kwenye chesi yenyewe, kwenye kishikilio cha springi ya mbele upande wa kulia. Hapo pana matope ya miaka 50, chukua brashi ya waya na mafuta ya taa, sugua taratibu, usipige grainda hata kidogo mana namba ikifutika umelipoteza gari. Kwa IIA tarakimu tatu za mwanzo zinasema mengi. 241 hadi 245 ni 88 ya petroli, 251 hadi 255 ni 109 ya petroli, 271 hadi 275 ni 88 ya dizeli na 276 hadi 280 ni 109 ya dizeli. Ndani ya kila fungu namba ya pili, yaani 242, 252 na kuendelea, ni ya usukani wa kulia ya kupelekwa nje ya Uingereza, na ya tatu ni usukani wa kulia pia ila ilisafirishwa vipandevipande ikaunganishwe huko inakoenda. Mwishoni kuna herufi, hiyo herufi iandike, usiidharau, mana ukienda kuagiza spea ndo inayosema gari lako ni la kabla au la baada ya mabadiliko fulani. Halafu linganisha na kadi ya gari kabla hujatoa hata shilingi.

Kama gari linatembea lisikilize gia. Kwenye II na IIA gia ya kwanza na ya pili hazina sinkronaizi (kile kifaa kinachofanya gia iingie kwa ulaini), ukishuka gia bila kukanyaga klachi mara mbili linakukoromea. Series III linapokea gia zote za mbele kwa ulaini. Kwa hiyo ukiambiwa ni IIA afu gia ya pili inaingia kama siagi, jua gia boksi imebadilishwa. Sio dhambi, ila ujue, mana siku ya kununua beringi utanunua za gari lingine.

Ujanja mwingine ninaoupenda sana ni kusoma vifaa vya umeme. Dainamo, distribyuta, mota ya waipa, vile vya kampuni ya Lucas vingi vimegongwa mwezi na mwaka, unakuta kitu kama 3 na 62 kwenye mwili wa dainamo. Ukifuta grisi ukaona dainamo, distribyuta na swichi zote zinasema 61 au 62, na namba ya chesi nayo inaangukia hapohapo, basi una gari ambalo halijachezewa sana. Siku nilipokuta hivyo kwenye 109 moja iliyokuwa imelala nyuma ya misheni, nilikaa chini kwenye majani nikaangalia tu, mana vitu vimekaa pamoja miaka yote hiyo bila mtu kuvitenganisha.

Sasa nati na bolti. Hapa nitakaa sana mana hapa ndo nilipoumia.

Gari langu la kwanza lilikuwa Series I ya 1957, 88. Fundi mmoja alinifungia propela ya nyuma (ile shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye ekseli), bolti mbili zilikuwa hazina nati akachukua za namba 10 za Toyota, zikaingia vizuri kabisa kwa mkono. Nikatoka Uyole kuelekea Tukuyu, kabla sijafika mbali nikasikia kishindo chini kama mtu anapiga pipa, propela imeachia upande mmoja inazungukia kwenye lami. Nashukuru Mungu ni upande wa nyuma ulioachia na nilikuwa mwendo mdogo. Nilipokuja kupima ndo nikaelewa. Bolti ya BSF (nyuzi za zamani za Kiingereza za inchi) ya 3/8 ina unene wa milimita 9.5 na nyuzi 20 kwa inchi. Nati ya Toyota ya 10 yenye hatua ya 1.25, yaani milimita 1.25 toka uzi hadi uzi, ni karibu nyuzi hizohizo 20 kwa inchi, ila tundu lake ni kubwa kidogo. Kwa hiyo inaingia kama imetengenezewa, haigomi popote, lakini imeshika ncha tu za nyuzi, ukiikaza kwa nguvu au ikitikisika vya kutosha inavua zile ncha zote na kutoka.

Series I karibu nati zote ni BSF. Kwenye II na IIA utakuta mchanganyiko, BSF bado zipo sehemusehemu na UNF (aina nyingine ya nyuzi za inchi, nyembamba zaidi) zimeingia. Namna ya kuzijua bila kipimo maalumu: chukua bolti ya 3/8, jaribu spana za milimita. Spana 15 ikikataa kuingia na 16 ikicheza, hiyo ni BSF. 14 ikikataa na 15 ikicheza, hiyo ni UNF. Na UNF ya 3/8 ina nyuzi 24 kwa inchi, kwa hiyo nati yake ukiipeleka kwenye BSF inazunguka kidogo tu inagoma, na ikigoma USIILAZIMISHE kwa spana ndefu, inagoma kwa sababu. Mi sa hivi kila bolti ninayofungua inaingia kwenye kopo na karatasi imeandikwa imetoka wapi, na sikubali bolti ya milimita iingie kwenye breki, usukani, propela wala springi.

Mwili. Bodi ya Land Rover ni alumini, walitumia aloi inaitwa Birmabright kwa sababu baada ya vita chuma Uingereza kilikuwa cha mgao. Pitisha sumaku, ikinasa ubavuni ujue mtu ameziba kwa bati. Ila chesi na ule ukuta unaotenganisha injini na kabini ni chuma, na mvua za Tukuyu na Rungwe hazina huruma. Chesi ni boksi, inaoza kutokea ndani, kwa nje unaona rangi nzuri tu. Piga kwa nyundo ndogo kila baada ya shubiri moja. Chuma kizima kinalia kama kengele, kilichooza kinatoa sauti nzito ya kufa kama unagonga gogo bichi. Piga hasa bimu ya mwisho kabisa nyuma, mabawa yanayobeba bodi, na sehemu za kukanyagia miguu kwenye ule ukuta. Hapo ndo uamue kama unanunua au unaaga.

Alumini usiichome rangi kwa moto, haiwi nyekundu ikipata joto kama chuma, unaona iko vilevile afu ghafla imelainika au imetoboka. Usipeleke pia kupigwa mchanga, inatanuka na kubaki na mawimbi. Tumia dawa ya kutoa rangi na uvumilivu. Panapohitaji kiraka weka ribiti za alumini, sio skrubu za chuma, mana chuma na alumini vikigusana kwenye unyevu alumini inaliwa inakuwa unga mweupe. Lazima chuma kigusane na alumini? Weka raba au rangi nzito katikati. Praima iwe ile ya kung'ata alumini, ya kawaida itabanduka kama maganda ya ndizi. Na ile mikanda ya kijivu iliyopita juu ya ubavu ni chuma kilichochovywa zinki, iache wazi, kuipaka rangi ya bodi ndo kosa linaloonekana kutoka barabarani. Rangi ya asili itafute nyuma ya geji na chini ya siti, huko hakuna aliyefika na brashi.

Breki ndo kosa lingine la kila siku. Ngoma za 88 ni inchi 10, za 109 ni inchi 11. Viatu na silinda vinatofautiana, na muuzaji atakwambia "za Land Rover hizi" kana kwamba Land Rover ni moja. Beba cha zamani mkononi ukilinganishe palepale kaunta. Tairi nazo, 88 kawaida ni 6.00-16, 109 ni 7.50-16, ukivalisha 88 tairi za 109 geji ya spidi inakudanganya. Injini ya lita 2.25 iliyotoka 1980 kuja juu ina beringi kuu tano, za kabla ya hapo tatu, kwa hiyo kranki ya moja haiwezi kukaa kwenye nyingine hata ubembeleze vipi. Na kabla ya kufunga chaja au redio angalia waya gani wa betri umeenda kwenye chesi, za zamani hadi IIA za mwanzo ni chanya ndo inaenda chesi, ukifunga kwa mazoea ya Toyota redio inakufa hapohapo.

Spea zenyewe huku kwetu zipo kuliko mnavyodhani. Mashamba ya chai ya Mufindi na Rungwe, kahawa ya Mbozi, misheni za zamani, yadi za skrepa kuanzia Ipogolo hadi Tunduma. Ila usiende na haraka ya kununua. Kuna mzee mlinzi wa shamba moja upande wa Njombe, nilipofika nilimwamkia "kamwene baba, shikamoo", nikakaa naye mpaka jua likasogea, hata sijataja gari, ndo yeye mwenyewe akaniuliza, "Mwanangu, umekuja kwa ajili ya lile la Mzungu?" Akanipeleka stoo, kuna ekseli nzima ya nyuma, na boksi la mbao lenye kabureta ya Solex bado imefungwa kwenye karatasi yake ya mafuta. Nisingekaa nisingeiona. Na ukikuta gari bovu, nunua zima kama una uwezo, vile vitu vidogo kama vitasa, bawaba na klipu ndo vinavyokosekana, injini zipo.

Ukishafunga injini ya 2.25 weka uwazi wa tapeti 0.010 ya inchi kwa valvu zote, za kuingiza na za kutoa, na kama ni ya petroli uwazi wa pointi za distribyuta 0.014 hadi 0.016. Usilipeleke Kitonga na mzigo wiki ya kwanza, shafti za ndani ya ekseli ya nyuma za hizi gari ni nyembamba, zinakatika ukiachia klachi kwa pupa kwenye mlima. Zunguka nalo kilomita 20 hivi kwenye tambarare, simama pembeni, afu zunguka ukigusa habu za magurudumu yote manne kwa kiganja. Ile yenye joto kuliko wenzake ndo unaanza kuifungua kesho asubuhi.