Namna ya kushukuru wakati mambo yamegoma, bila kujidanganya

Kuna watu ukiwaambia umekwama wanakurukia na "we shukuru Mungu, wenzio wako hoi zaidi", na hapo umetoka kusikia bei ya mnada wa korosho imeshuka, mtoto anadaiwa shule na unga umebaki wa kukung'uta kwenye mfuko. Hiyo sio shukrani, hiyo ni kufungwa mdomo. Mi naongelea kitu kingine, kushukuru ukiwa ndani ya shida yenyewe, na naandikia zaidi watu wa kwetu huku Kusini, Mtwara na Lindi, maana shida zetu nyingi zina msimu wake na dawa zake ziko humuhumu.

Kwanza lalamika. Siongei utani. Tafuta mtu mmoja asiye na haraka umwage yote. Chukua mkulima wa Tandahimba, kapuliza salfa kwenye mikorosho na bado ugonjwa wa ubwiri unga umepita na maua, au mzigo kaupeleka AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, ukaenda ghala kuu, mnada ukapita, na kila akienda benki anaambiwa bado, huyo ukimwambia ashukuru kabla hajasema la moyoni atakuitikia mdomoni tu, usiku halali. Wazee walilijua hili mapema, ndo maana msibani kuna watani. Mtani anaingia kavaa koti la marehemu, anaigiza alivyokuwa anatembea, akifika kaburini anaingia mwenyewe analala humo anadai hela ndo atoke, na mfiwa anajikuta anacheka na machozi yako palepale. Hakuna aliyesema msiba sio msiba.

Ukishalalamika, tafuta daftari. Hapa nitakaa kidogo maana ndo penye kazi. Sote tunalijua daftari la msiba, mtu anakaa pembeni anaandika fulani elfu mbili, fulani unga kilo tano, fulani kuni mzigo mmoja. Sasa fungua la kwako, la shida yako. Wengi wakiambiwa waandike shukrani wanaandika "nashukuru kwa uhai, kwa afya, kwa familia", baada ya siku tatu wanachoka kwa sababu ni maneno yaleyale kila siku na hayana sura ya mtu. Wewe andika mtu, alichofanya, na hali ilivyokuwa siku hiyo. Yaani hivi (majina weka ya kwako):

Mama wa dagaa pale Feri, kanipimia sado zima, kasema utaleta hela korosho zikitoka, na hakuandika popote.

Kijana wa bodaboda, kambeba bibi toka stendi na ile mvua, nauli kakataa.

Jirani wa nyuma, kaleta kisamvu cha nazi, afu kasema bakuli lirudi hivohivo tupu nisihangaike.

Hilo la bakuli liangalie vizuri, maana kwetu bakuli la jirani halirudi tupu, kwaiyo aliyekuambia lirudi tupu kashaona hali yako na kakuondolea aibu kabla hujaisema. Vitu vya hivyo ndo vinapita bila kuonekana ukiwa na mawazo. Sawa na barabara ilipokatika kule Kilwa wakati wa kimbunga Hidaya, mwanzoni mwa Mei 2024, magari yakakwama huku na huku, kama wewe au ndugu yako alikuwa safarini basi kuna mtu aliuza chai kwa bei ya siku zote wakati angeweza kuipandisha mara tatu. Huyo anaandikwa. Aliyepandisha haandikwi, ila sura yake mnaikumbuka, najua.

Usiandike kila siku kama dozi. Kuna watafiti wawili wa Marekani, Robert Emmons na Michael McCullough, walitoa utafiti wao 2003, waliwagawa wanafunzi, kundi moja likawa linaandika mambo ya kushukuru hadi matano mara moja kwa wiki, lingine linaandika kero, lingine mambo yaliyotokea tu, kwa wiki kumi. Wale wa shukrani wakawa wanayaona maisha yao vizuri zaidi na wana matumaini zaidi na wiki inayokuja. Mara moja kwa wiki inatosha, chagua Ijumaa ukitoka msikitini au Jumapili ukitoka kanisani.

Na ukisema Alhamdulillah sema, hata mi nasema, ila usiishie hapo. Riziki ililetwa na mtu, na mtu huyo ana nyumba na unaijua.

Kwaiyo nenda. Martin Seligman na wenzake, 2005, walijaribu mazoezi kadhaa, na lililopandisha furaha zaidi kwa haraka ni la kumwandikia barua mtu ambaye hukuwahi kumshukuru ipasavyo afu unampelekea mwenyewe, na ile furaha ilikaa kama mwezi hivi. Huku kwetu barua inaweza kumshtua mtu akadhani anaitwa baraza la kata, nenda na miguu yako. Unaanza: "Shikamoo mama. Leo sijaja kukopa." Hapo lazima acheke. Afu unasema: "Nimekuja kwa lile sado la dagaa. Siku ile watoto walikula, mi nilikuwa nimeshakata tamaa." Basi, nyamaza. Usije ukamalizia na "sasa mama nilikuwa na kashida kengine", umeharibu.

Ila kushukuru sio kunyamaza ukiibiwa. Mizani huielewi, makato huyaelewi, simama kwenye mkutano wa AMCOS uulize, na wakikuambia "shukuru hata hicho ulichopata" uliza tena. Na yule mnunuzi wa kangomba aliyekupa vijisenti wakati wa kifuku, msimu wa mvua, kwa korosho ambazo hata ua hazijatoa, huyo hana ukurasa kwenye daftari, kafanya biashara na njaa yako na tena biashara yenyewe imepigwa marufuku.

Kama wiki zinapita hulali, chakula hakipiti, au unawaza kujidhuru, weka daftari pembeni, mwambie mtu wa karibu leoleo na uende hospitali. Hapo panahitaji mtaalamu.

Hela ikija kuingia, kuanzia Oktoba pale mji unapojaa pikipiki mpya na masabufa, fungua daftari kabla hujaenda kuulizia bati. Wa mkopo walipwe kwanza. Wa bure wengine watakataa hela na usiwalazimishe, mnunulie mwanae madaftari ya shule au mpelekee korosho zilizobanguliwa. Aliyehamia Dar mpigie simu umtajie lile jambo lenyewe, usitume meseji ya "asante sana ubarikiwe", za hivyo anazipata kila siku toka kwa watu wanaotaka vocha.