Kuokoa Mafaili Katika Kompyuta Mpakato Iliyogoma

Majuma mawili kabla ya shule kufungwa, jirani yangu wa hapa Chumbageni, Tanga, ambaye ni mwalimu wa sekondari, alibisha hodi jioni akiwa amebeba kompyuta mpakato yake ndani ya kanga. Ilikuwa imegoma kuwaka tangu asubuhi, na ndani yake mlikuwa na alama za muhula mzima. Hakuthubutu kuipeleka dukani, kwa kuwa miezi michache nyuma mdogo wake alipeleka ya kwake ikiwa inakwama tu wakati wa kuwaka, na fundi, bila kuuliza kilichomo, akapiga Windows upya na kuirudisha ikiwa nzima, nyepesi na tupu. Picha za marehemu mama yao zilikuwa humo. "Kaka, mashine ikifa na ife," aliniambia, "lakini alama zitoke."

Kauli ile ndiyo inayopaswa kuongoza kazi nzima. Kutengeneza kompyuta na kuokoa mafaili ni kazi mbili tofauti, na mara nyingi zinapingana, kwa sababu hatua nyingi za utengenezaji huandika kitu juu ya diski, na kila kinachoandikwa huko chaweza kufunika kile unachokitafuta. Okoa kwanza, tengeneza baadaye. Kama ni lazima mashine iende kwa fundi, mwambie hivyo kabla hajashika bisibisi, kisha ubandike juu yake karatasi yenye maneno machache yanayosomeka: isipigwe Windows, diski isifomatiwe. Kijana atakayeifungua kesho huenda si yule uliyezungumza naye leo.

Mafaili yako yanakaa kwenye diski peke yake. Kioo, betri, kibodi, feni, RAM (kumbukumbu ya muda) na hata madabodi (ubao mkuu wa saketi) vyaweza kufa vyote na diski ikabaki salama, kwa hiyo kompyuta isiyowaka kabisa ina matumaini makubwa kuliko watu wanavyodhani. Ya kuhofia zaidi ni ile inayowaka lakini inachukua nusu saa kufungua folda moja, kwani hapo huenda diski yenyewe ndiyo inayokufa.

Kujua kilichokufa

Anza na vitu vya nje. Jaribu chaja nyingine yenye volti zile zile na soketi nyingine ya ukutani. Kisha chomoa chaja, toa betri kama inatoka, bonyeza kitufe cha kuwashia na kukishikilia kwa sekunde 30, ndipo uchomeke chaja na kujaribu tena. Umeme uliobaki ndani ya saketi huweza kuizuia mashine isiwake, hasa baada ya umeme wa nyumbani kukatika na kurudi kwa kishindo. Ukisikia feni inazunguka na taa zinawaka lakini kioo ni cheusi, unganisha kompyuta na televisheni kwa kebo ya HDMI. Ikiwa picha inatokea huko, basi kilichokufa ni kioo tu, na unaweza kunakili mafaili yako kwenye flashi huku ukitazama televisheni ya sebuleni.

Sisi tunaokaa karibu na bahari tuna tatizo jingine ambalo miongozo mingi iliyoandikwa kwa ajili ya watu wa bara huligusa kwa sentensi moja. Hewa yetu ina unyevu na chumvi, na nyumba za upande wa Raskazone zinazopokea upepo moja kwa moja hupata zaidi. Chumvi hiyo hujenga utando juu ya viungio vya ndani, na RAM ni miongoni mwa vya kwanza kulalamika: mashine inawaka, pengine inalia mlio wa kurudiarudia, lakini haionyeshi kitu. Zima, chomoa chaja, fungua mfuniko wa chini na utenganishe betri, gusa chuma kilicho wazi ili umeme tuli wa mwilini utoke, kisha chomoa RAM na upanguse meno yake kwa kitambaa laini kilicholowekwa spiriti isiyo na maji mengi, au uyasugue taratibu kwa ufutio wa penseli na kupuliza mabaki yote. Yaache yakauke, rudisha RAM mpaka isikike ikibana, na ujaribu tena. Nimeona mashine zilizohukumiwa kufa zikiamka kwa kazi hii ya robo saa.

Kompyuta iliyoingia maji ya bahari ni habari nyingine. Usiiwashe, usiichaji, wala usiizike kwenye mchele. Mchele hauwezi kuitoa chumvi, na chumvi huendelea kuila saketi hata baada ya maji kukauka. Tenganisha betri mara moja, uifikishe siku hiyo hiyo kwa fundi anayeweza kuifungua na kuisafisha kwa spiriti, na umwambie kuwa unachokihitaji kwanza ni diski.

Kuwasha bila Windows

Ikiwa mashine inawaka lakini Windows inakwama, inajizima au inazunguka kwenye ukurasa wa kujirekebisha, unaweza kuiwasha kwa kutumia mfumo mwingine uliomo kwenye flashi. Azima kompyuta nyingine na flashi yenye GB 8 au zaidi isiyo na kitu cha maana, kwani itafutwa yote. Mimi hutumia Linux Mint, ambayo ni ya bure na ina ukubwa wa takriban GB 3. Pakua faili lake, kisha uliandike kwenye flashi kwa programu ndogo iitwayo Rufus. Chomeka flashi kwenye mashine mbovu, iwashe, na papo hapo ubonyezebonyeze kitufe cha kuchagua mahali pa kuanzia: mara nyingi ni F12 kwa Dell, Lenovo na Acer, na F9 au Esc kwa HP. Chagua flashi, na baada ya dakika chache utaona uwanja wa kazi mpya ambao haujagusa chochote kwenye diski yako.

Kwenye uwanja huo kuna alama iliyoandikwa Install Linux Mint. Usiiguse kabisa. Hiyo ni ya kusakinisha, na kusakinisha ndiko kulikozifuta picha za mama yao.

Fungua kidhibiti cha mafaili, tafuta diski ya ndani, ingia kwenye folda ya Users na kisha folda yenye jina lako. Diski ikikataa kufunguka kwa madai kwamba Windows haikuzimwa vizuri, usikubali kuirekebisha. Fungua dirisha la amri, andika lsblk ili uone jina la sehemu hiyo ya diski, kisha uifungue kwa kusoma tu kwa amri kama hii: sudo mount -o ro /dev/sda3 /mnt, ukibadilisha sda3 kwa jina uliloliona. Kusoma tu ndicho hasa tunachokitaka.

Jambo moja huwashtua wengi hapa, nalo ni diski iliyofungwa kwa BitLocker, kufuli la siri la Windows. Kompyuta nyingi za Windows 11 huifunga diski zenyewe mara mtu anapoingia kwa akaunti ya Microsoft, naye asijue. Ufunguo wake wa akiba ni tarakimu 48, na kwa kawaida umehifadhiwa kwenye akaunti hiyo hiyo, ambapo unaweza kuusoma kwa simu. Diski ya namna hii ni rahisi kuitoa na kuichomeka kwenye kompyuta nyingine ya Windows, ambayo itakuomba tarakimu hizo. Bila ufunguo hakuna fundi wa Ngamiani wala wa Dar es Salaam atakayeifungua, na anayekuahidi kwamba ataweza anataka fedha yako.

Kuitoa diski

Mashine ya mwalimu haikuamka hata baada ya kusafisha RAM, kwa hiyo tuliitoa diski. Kwenye kompyuta za zamani kidogo utakuta diski ya inchi 2.5, pana kama kiganja, iliyochomekwa kwa kiungio cha SATA. Inunulie kasha la USB au kebo ya kubadilisha SATA kuwa USB, nayo itapata umeme kutoka kwenye kompyuta utakayoichomeka. Kwenye mpya zaidi utakuta kipande chembamba kama kijiti cha ubani, kinachoitwa M.2, kilichoshikwa kwa skrubu moja. Hapo uwe mwangalifu kabla ya kununua, kwa sababu M.2 ziko za SATA na ziko za NVMe, na kasha la aina moja huenda lisiisome ya aina nyingine. Nenda dukani ukiwa na diski yenyewe mkononi. Baadhi ya kompyuta ndogo za bei nafuu, pamoja na MacBook nyingi za miaka ya karibuni, zina hifadhi iliyochomelewa kwenye madabodi, nazo hazitoki; kwa hizo hakuna njia ila kuiamsha mashine yenyewe.

Ukishaichomeka kwenye kompyuta nzima, Windows yaweza kukuambia kwamba diski inahitaji kufomatiwa kabla ya kutumika. Kataa. Yaweza pia kusema huna ruhusa ya kuingia kwenye folda ya mtumiaji mwingine. Hapo kubali kuendelea, hata kama itachukua dakika kadhaa.

Nakili kwanza visivyopatikana pengine popote. Alama za wanafunzi, hesabu za duka, andiko la chuo, picha za watu waliofariki: hivyo ndivyo vya mwanzo, na filamu na muziki vingoje. Usizitazame Documents na Desktop peke yake. Mwalimu aliapa kwamba alama zake zilikuwa Documents, na hazikuwamo. Tulitafuta kila kilichoishia na .xlsx, yaani majedwali ya Excel, kwenye diski nzima, tukazikuta Downloads, kwa sababu mwezi wa tatu alilifungua faili kutoka kwenye barua pepe na akaendelea kulijaza pale pale. Kama faili moja kubwa la video linakataa kuingia kwenye flashi yenye nafasi tele, huenda flashi ni ya FAT32, ambayo haipokei faili linalofikia GB 4. Tumia iliyofomatiwa kwa exFAT. Pia fanya kazi hii kwenye kompyuta mpakato yenye betri iliyojaa, kwani umeme ukikatika katikati ya kunakili hakutakuwa na madhara.

Diski inapokuwa mgonjwa

Ukisikia diski inagonga tik-tik-tik kwa mpangilio, izime papo hapo. Mlio huo maana yake vichwa vya kusomea vinashindwa kazi, na kila dakika ya kuzunguka yaweza kuukwangua uso wenye data. Usiifungue, kwa sababu chembe moja ya vumbi inatosha kuharibu. Usiiweke kwenye friza, kwa maana ikitoka humo kwenye joto letu la pwani itatokwa jasho la maji ndani yake. Diski hiyo ni ya wataalamu wenye chumba kisicho na vumbi, na gharama yake ni kubwa, kwa hiyo amua kwanza kama kilichomo kinaistahili.

Ikiwa haigongi bali inasoma kwa kusuasua, usinakili faili moja moja kwa kuburuta, wala usiendeshe chkdsk, programu ya Windows ya kukagua diski, ambayo hurekebisha kwa kuandika. Tengeneza nakala ya diski nzima kwa GNU ddrescue kutoka kwenye Linux, ukiielekeza kwenye diski ya nje iliyo kubwa kuliko ile mbovu na isiyo ya FAT32. Mzunguko wa kwanza ni sudo ddrescue -n /dev/sdb diski.img diski.map, ukiwa ndani ya folda ya diski hiyo ya nje. Hapo programu huchukua kwanza sehemu zinazosomeka kwa urahisi na kuziruka zilizooza, huku ikiandika kwenye ramani palipobaki. Mzunguko wa pili, kwa -d -r3 badala ya -n, hurudi kuzing'ang'ania zilizobaki mara tatu. Hakikisha kwa lsblk kwamba sdb ndiyo diski mbovu kweli. Litazame jina na ukubwa wake mara mbili. Kazi yaweza kuchukua saa nyingi, na ikikatika utaanzia ulipoishia, mradi ile ramani ipo. Baada ya hapo kila jaribio lifanyike kwenye nakala, na diski mgonjwa ipumzike.

Kwa mafaili yaliyofutwa au diski iliyofomatiwa kwa bahati mbaya, TestDisk na PhotoRec ni za bure na zinafanya kazi nzuri, ingawa PhotoRec hurudisha picha bila majina yake ya awali. Yanayookolewa yahifadhiwe kwenye diski nyingine daima. Kwa SSD, yaani diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani, matumaini ni madogo, kwa sababu mfumo huiarifu diski kuwa nafasi iko wazi, nayo huisafisha muda mfupi baadaye; ndiyo maana mtu aliyefuta kwa makosa anapaswa kuizima mashine wakati huo huo, asingoje kesho.

Ukimaliza, usiamini orodha ya majina peke yake. Fungua mafaili yenyewe, moja baada ya jingine kwa yale ya muhimu: picha ionekane yote, video ichezwe mpaka mwisho, jedwali liwe na namba zake. Mwalimu alifungua vidato vyote vinne, akalinganisha darasa moja na daftari lake la mkono, akanakili tena kwenye flashi ya pili. Diski ya zamani tuliifunga kwenye bahasha ya karatasi tukaandika tarehe juu yake, nayo iko kabatini kwake hadi leo, kwani huenda siku moja akakumbuka faili ambalo hatukulitafuta.