Namna ya kusimulia hadithi ya jini hadi baraza zima linyamaze

Kwetu Tanga umeme ukikatika baada ya Isha, watoto wa nyumba tatu hujikusanya barazani bila kuitwa. Zamu ya kusimulia nilirithi kwa bibi yangu macho yalipomwishia, na alinifundisha kuwa kinachotisha ni mahali kuliko jini mwenyewe. Jini wa Bara Hindi hamnyimi mtu usingizi. Jini wa mbuyu ulio kati ya nyumba na choo anatisha kabla hujamtaja. Basi chagua mahali ambapo wasikilizaji wako watapita usiku huohuo au kesho yake. Mimi napenda Tongoni, kwenye barabara ya Pangani, penye msikiti uliobomoka na makaburi ya nguzo, maana wengi wamewahi kufika pale na wanajua panavyonyamaza hata mchana.

Anza na ngano nyepesi ya Sungura na Fisi. "Paukwa!" Waitikie "Pakawa!", wacheke, wasogeleane. Ya pili, ile yenyewe, usiifungue kwa paukwa wala "hapo zamani za kale". Ukisema hivyo, msikilizaji anajua mambo ni ya kale na ya mbali, anatulia. Ingia kama mtu aliyekumbuka kitu: "Hivi, ule mwembe wa njia panda mnaujua?" Kisha nyamaza kidogo.

Hadithi yangu ni ya mwanamke aliyevaa buibui, jini mwenye kwato badala ya nyayo, ambayo watu wa pwani tunaijua sote. Dereva anatoka Pangani usiku, anamkuta bibie kando ya njia, ananukia udi, anaomba lifti hadi Tongoni. Wasimuliaji wengi huiharibu hapa kwa kukimbilia kwato. Tulia na udi kwanza; ikiwezekana mwombe mtu ndani atie udi kwenye chetezo wakati huohuo, wengine wasijue. Eleza buibui lilivyokuwa refu, likifagia mchanga. Dereva amuulize jina, asijibiwe. Ashangae gari limekuwa zito. Wasikilizaji wamekwisha kuhisi kuna kitu miguuni. Wewe wacheleweshe tu.

Kwato nazitoa kwa vifuu viwili vya nazi nilivyovificha kwenye kikoi. Bibie anaposhuka nashusha sauti mpaka walio nyuma wainame kunisikia, halafu nagonga kifuu sakafuni: ko. Nahesabu moyoni hadi nne. Ko. Ukigonga harakaharaka watasikia punda wa mtaani, na hadithi imekufa. Ko la tatu silitoi. Natazama kizani, nyuma ya aliyekaa mwisho, nabaki hapohapo. Usipige kelele ya kushtua. Wataruka, watacheka, na ule ubaridi wa mgongoni utaondoka.

Kibatari kiweke chini pembeni, uone nyuso zao, kwa sababu lazima uzisome. Mwaka mmoja sikusoma. Mpwa wangu wa miaka sita alilala siku tatu ameshika upindo wa kanga ya mama yake, na mpaka leo naumia nikikumbuka. Siku hizi nikimwona mdogo anatafuta mkono wa mkubwa, namhamisha jini: anavuka mto, anaenda zake, na majini, kama bibi alivyokuwa akisema, hayarudi njia waliyopita.

Jambo jingine nalisisitiza kwa nguvu zote: usimtaje mtu halisi, wala bibi kizee wa mtaani anayeishi peke yake. Mwaka 1995, hofu ya Popobawa, zimwi lililosemwa kuwavamia watu usiku, ilipoenea Pemba na Unguja, watu walilala nje kwa makundi wakiwasha moto, na wakapigwa wasio na hatia. Nchi hii imeshawaua vikongwe wengi kwa maneno yaliyoanza kama hadithi. Jini wako awe wa mti, wa gofu, wa njia. Asiwe na nyumba wala ukoo.

Ukimaliza, usiseme kama ni kweli au si kweli, hata wakikubembeleza. Waache wasikilize nyenje. Kisha chukua tochi uwasindikize chooni, wadogo mbele, nawe nyuma kabisa, kwa sababu usiku huo hakuna atakayekubali kuwa wa mwisho.