Kupiga picha vipokezi vya uvimbe kwa panya: anza na uzito wa peptidi, skena baadaye

Watu wengi wakianza kazi hii wanawaza skena tu, wakati picha yenyewe inaharibikia mapema zaidi, pale kwenye benchi unapoamua kila panya apate peptidi (kipande kifupi cha protini kinachoshika kipokezi cha seli) kiasi gani. Nitaelezea kwa peptidi ya DOTATATE iliyofungwa na galiamu-68, metali yenye mionzi ambayo skena ya PET inaiona, Peptidi hiyo inashika kipokezi cha homoni ya somatostatini aina ya 2, na mfano wangu ni panya wadogo wasio na kinga kamili ya mwili waliopandikizwa seli za AR42J chini ya ngozi ya bega. Seli hizi zimetoka kwenye uvimbe wa kongosho la panya wakubwa wa maabara na zina kipokezi hicho kwa wingi. Kama mna uwezo, bega la pili pandikiza seli zisizo nacho, ili panya huyohuyo akupe jibu la ndiyo na la hapana. Kibali cha maadili kiwe mkononi kabla ya yote, pamoja na kikomo cha ukubwa wa uvimbe, usisubiri mnyama ateseke ndo upige picha.

Galiamu-68 inapungua nusu kila dakika 68. Inatoka kwenye jenereta ya jemaniamu-68, ambayo nusu-uhai wake (muda wa mionzi kupungua nusu) ni siku 271, na unaikamua kwa asidi ya hidrokloriki nyepesi. Jenereta ikikaa siku kadhaa bila kukamuliwa inajaza zinki, maana galiamu ikioza inageuka zinki, na zinki inagombania nafasi ileile kwenye DOTA, ile sehemu ya DOTATATE inayoshika metali. Kwa hiyo ikamue jioni umwage, asubuhi ukamue ya kazi. Chuma nacho hivyohivyo, tumia ncha za plastiki na maji yasiyo na metali, hapa usibane matumizi kabisa.

Kufunga kwenyewe ni rahisi: peptidi, bafa ya asetati, pH karibu 4, nyuzi 95, dakika 10. Ukishuka chini ya 3 haifungi vizuri, ukipanda juu ya 5 galiamu inaanza kuganda kuwa koloidi, yaani chembe ndogo sana zinazoelea. Kisha pima kwa ukanda wa kromatografia, na kama usafi, yaani sehemu ya galiamu iliyofungwa kwenye peptidi, haujafika asilimia 95 usiguse panya, safisha kwanza au rudia. Ukidharau hilo picha itakuumbua tu, koloidi inakimbilia ini na galiamu huru inabaki kwenye damu.

Sasa uzito. Vipokezi vina idadi yake, kama viti vya daladala, na peptidi isiyo na mionzi inakaa kiti sawasawa na yenye mionzi. Nanomoli moja ya DOTATATE ni kama mikrogramu 1.4 tu, kwa hiyo kosa dogo la pipeti ni kosa kubwa kwa panya. Tuseme una nanomoli 10 kwenye mililita 5, na saa 3 kamili asubuhi jumla ya mionzi ni MBq (megabekereli) 300. Mikrolita 100 zinampa panya wa kwanza MBq 6 na nanomoli 0.2, safi. Lakini ikifika saa 5 na dakika 16 mionzi imebaki robo, peptidi ipo vilevile, na ukimtafutia panya wa mwisho MBq 6 zilezile utamsukumia mikrolita 400 zenye nanomoli 0.8, yaani mara nne ya mwenzake, tena ni maji mengi kwa mnyama wa gramu 20. Halafu unaandika kwamba kundi la mwisho lina vipokezi vichache! Hapana. Toa ujazo uleule kwa wote, acha mionzi ishuke, na panya wa mwisho mpige picha kwa muda mrefu zaidi. Pia changanya makundi kwenye foleni, usimalize kundi moja lote ndo uanze lingine.

Sindano inaingia mshipa wa mkia, mkia uwe umepashwa joto kidogo ili mshipa utokeze. Pima sirinji kabla na baada, andika saa ya kila kipimo, na ukimaliza angalia mkia kwenye picha, ukiwaka sana dozi imemwagikia nje ya mshipa na namba za huyo panya hazifai. Kinga yako dhidi ya mionzi nayo isisahaulike, fotoni za keV 511 aproni ya kawaida ya eksirei haizizuii, weka ngao nene na uvae kipimo cha mionzi cha kidoleni.

Baada ya saa moja mpe aisofluraini, dawa ya usingizi ya kuvuta, muweke kwenye kitanda chenye joto maana panya aliyelala anapoa haraka, upige picha. Figo na kibofu vitawaka sana, ni kawaida kwa sababu peptidi inatoka mwilini kwa njia hiyo, na figo inaibakiza kwenye mirija yake. Usihangaike na hilo ila kama uvimbe uko jirani.

Uvimbe kuwaka peke yake hakuthibitishi kipokezi, unaweza kuwaka kwa sababu ya damu nyingi tu. Lazima uwe na kundi la kuziba: peptidi ileile ya mionzi pamoja na oktreotaidi, peptidi nyingine inayoshika kipokezi hichohicho, mikrogramu 50 hivi isiyo na mionzi. Uvimbe ukizimika huku misuli ikibaki ilivyo, hapo una kipokezi kweli. Halafu pasua, pima kila kiungo kwa mizani na kwenye kihesabu gama, rekebisha mionzi iliyopungua kwa muda, toa asilimia ya dozi kwa gramu, maana uvimbe mdogo skena inausoma chini ya uhalisia.

Mabaki yaache nyuma ya ngao ya madini ya risasi usiku mzima, nusu-uhai kumi ni kama masaa 11 na dakika 20, kesho yake yapime pamoja na sampuli uliyotunza ya ulichokamua kwenye jenereta. Sampuli ikiwa bado inahesabu juu ya mionzi ya kawaida ya chumba kwa siku ya pili, ni jemaniamu inavuja, piga hesabu, na ikizidi asilimia 0.001 ya mionzi uliyokamua hiyo jenereta simamisha.