Kurudisha Vyakula kwa Mwenye Tumbo Linalochafuka Haraka

Mtu aliyeshauriwa kuacha kunde, ngano, kitunguu, maziwa na korosho ili tumbo litulie hapaswi kubaki katika hali hiyo mwaka baada ya mwaka. Mpango huu wa kupunguza sukari ambazo utumbo mwembamba hauzifyonzi vizuri, uitwao low FODMAP, umeendelezwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash nchini Australia, na una kipindi cha kuacha cha wiki 2 hadi 6 tu. Baada ya hapo vyakula hurudishwa kimoja kimoja ili ijulikane ni kipi kinachosumbua na kwa kiasi gani. Anayeishia nusu ya safari kwa hofu, akabaki na wali na samaki wa kuchemsha, hujinyima chakula cha bakteria wema wa utumbo mpana, na kwa sisi wa Mtwara na Lindi hujinyima pia mbaazi, ambayo ni protini ya bei nafuu inayolimwa mlangoni.

Usianze jaribio lolote kabla ya kupimwa. Damu kwenye choo, kupungua uzito bila sababu, homa, upungufu wa damu au kuharisha kunakokuamsha usiku ni mambo ya kupeleka hospitali, iwe Ligula ya Mtwara au Sokoine ya Lindi au kituo kilicho karibu nawe, na minyoo, amiba na vidonda vya tumbo navyo vichunguzwe kwanza. Vilevile, aliyewahi kuvimba midomo, kutokwa na vipele au kubanwa na pumzi baada ya kula korosho ana mzio, na huyo asijaribu hata punje moja nyumbani.

Tumbo likishatulia, endelea na chakula kile kile kinachokufaa, tuseme ugali wa mahindi, wali, samaki, mayai na mchicha, kisha ongeza chakula kimoja tu. Siku ya kwanza kula kidogo, siku ya pili ongeza, siku ya tatu fikia kiasi ambacho mtu hula kwa kawaida, halafu pumzika siku 2 au 3 kabla ya kujaribu kingine. Maumivu yakija, acha pale pale na usubiri hadi hali irejee. Chakula kilichopita salama nacho kiweke kando mpaka majaribio yote yaishe, maana ukianza kukila kila siku hutaweza kukitenganisha na kinachofuata. Andika saa ulizokula na saa dalili zilipoanza: sukari za vyakula hivi huleta gesi zikifika utumbo mpana, hivyo mlo wa mchana unaweza kusumbua jioni na lawama ikaangukia chakula cha usiku. Wakati wa malaria, dawa za antibiotiki au mfungo wa Ramadhani, ahirisha.

Ugumu wetu mkubwa uko kwenye chungu. Mbaazi za nazi zina mbaazi, kitunguu na tui zito ndani ya sufuria moja, na tumbo likijaa huwezi kujua mkosaji ni nani. Kwa hiyo jaribu mbaazi peke yake: zilowekwe usiku kucha, maji yamwagwe, zichemshwe katika maji mengi hadi ziive vizuri, maji hayo nayo yamwagwe, kisha zitiwe chumvi tu. Sukari inayoleta gesi huyeyuka katika maji, na sehemu yake huondoka nayo. Anza na vijiko 2 vya mezani, kesho yake robo kikombe, kisha nusu kikombe. Zikipita, jaribu tui kwa siku zake, kwani mafuta mengi nayo huweza kuuchokoza utumbo.

Kitunguu maji, kitunguu saumu na ngano vijaribiwe kila kimoja kwa wakati wake, ingawa vina sukari ya kundi moja. Sukari hiyo haiyeyuki katika mafuta, kwa hiyo unaweza kukaanga saumu nzima, ukaitoa, ukabaki na harufu yake. Ukiitia kwenye mchuzi wenye maji, kuitoa baadaye hakusaidii. Majani ya kijani ya kitunguu huvumiliwa na wengi. Maziwa yajaribiwe kwa robo kikombe kwanza, embe kwa kipande kidogo, na viazi vitamu kwa siku nyingine.

Korosho naishauri iwe ya mwisho, hata msimu ukiwa umepamba moto na kila nyumba inabangua. Ina sukari za kundi la mbaazi na za kundi la ngano kwa pamoja, kwa hiyo matokeo yake hayasomeki vizuri kabla hujajua ya hizo mbili. Anza na punje 5, kesho 10, kisha kiganja kimoja. Zikikushinda, karanga zina sukari hizo kidogo zaidi na zinaweza kushika nafasi yake, na korosho ijaribiwe tena baada ya miezi michache, kwa sababu uvumilivu wa utumbo hubadilika.