Kabla Mwanao Hajaanza Somo la Kani na Mwendo

Mwanao akipanda madarasa atakutana na kani, nishati na mwendo, tena kwa Kiingereza. Usikimbilie kitabu cha marudio. Kwanza yatengeni maneno hapo nyumbani, maana sisi neno "nguvu" tunalitupia kila kitu: mtu ana nguvu, dawa ina nguvu, stima leo haina nguvu. Kwenye fizikia, kani ni kule kusukuma au kuvuta, na hupimwa kwa nyutoni. Nishati ni uwezo wa kufanya kazi, na hupimwa kwa juli. Akivichanganya hivi viwili, hesabu zote zitamwendea mrama.

Uzito nao una mtego wake. Mtungi wa lita 20 za maji una tungamo, yaani wingi wa maada, la kilo 20, uwe Majengo, Mombasa, au mwezini. Uzito wake ni ile kani ya dunia kuuvuta, kama nyutoni 196. Mwezini ungevutwa kwa sehemu moja ya sita tu ya hiyo.

Maneno yakishatengana, tokeni nje mkatazame mkokoteni wa maji. Hapa ndipo mtu asiharakishe. Hamali anapouondoa huinama mpaka kifua kinakaribia mikono, miguu ikitafuta pa kushika. Ukishabingiria, anainuka na kutembea kama kawaida: sasa kani yake inashindana na msuguano tu, hana tena kazi ya kuutoa kwenye utulivu. Mtoto mmoja aliniuliza, "Akiuachilia ukasimama, si ni nguvu zimeuishia?" Karibu watoto wote hufikiri hivyo, na watu wazima pia. Kinachousimamisha ni msuguano wa ekseli, magurudumu na mchanga. Pasingekuwa na hayo, kwenye tambarare ungeendelea kwa mwendo uleule. Mwanafizikia Isaac Newton aliliandika hilo mwaka 1687 na bado tunalibishia. Mwache mtoto abishe.

Kisha mwonyeshe mteremko wa kushukia feri ya Likoni. Mikokoteni mingine ina kipande cha tairi nyuma, hamali anakikandamiza chini kiburuze lami. Hiyo ndiyo breki: nishati ya mwendo inageuka joto. Fanyeni hesabu papo hapo: nishati mwendo ni nusu ya tungamo, mara kasi, mara kasi tena. Mitungi 10 ni kilo 200, mkokoteni wenyewe tuuache. Kwa mita 1 kwa sekunde, maji hayo yana nishati mwendo ya juli 100. Kwa mita 2, juli 400, wala si 200. Kwa mita 3, juli 900. Kasi ikizidi mara mbili, nishati huzidi mara nne. Mtoto akiliona hilo ataelewa kwa nini hamali hasubiri mkokoteni ushike kasi ndipo akumbuke tairi.

Vifaa si vya kutisha: futi ya fundi cherehani, chaki, na simu yenye saa ya kuhesabu sekunde. Pimeni mita 10 kando ya njia, mgawanye kwa sekunde mlizohesabu mkokoteni ukizipita; hiyo ndiyo kasi yake. Rudieni mara tatu, kwani kidole huchelewa kubonyeza. Nendeni asubuhi ya wikendi, si jioni watu wanapomiminika kuvuka, na msimame pembeni, kamwe si chini ya mteremko.

Na champali zilizolika soli ziacheni nyumbani. Pale chini panapomwagika maji, somo la msuguano huanza bila kungoja mwalimu.