Nguruwe wa kalua kwenye sufuria ya umeme ya kupika polepole

Kalua ni upishi wa Hawaii: nyama ya nguruwe hupikwa kwenye tanuri la shimoni liitwalo imu, juu ya mawe ya moto. Nyumbani tumia bega lenye mafuta, kilo 2, paja hukauka. Litoboe kwa uma kila upande, lisugue chumvi ya mawe kijiko 1½ cha chakula na moshi wa chupa (kiowevu chenye ladha ya moshi) kijiko 1. Lifunge kwa jani la mgomba lililopitishwa motoni, lisipasuke. Usitie maji kabisa: nyama hutoa mchuzi wake.

Pika moto mdogo kwa muda wa saa 9 hadi 10 bila kufunua, maana joto likitoka hurudi taratibu mno. Ikigoma kuchambuka, haijaiva. Iongeze saa 1. Chambua, engua mafuta, kisha rudisha mchuzi kidogo kidogo ukionja, kwani chumvi imejaa humo.